Bell: Mskoti wa bunduki ndogo aliyeua ndovu 1,011

MKAZI wa Sigowet anayeteremka kupitia Soin asubuhi isiyo na ukungu huliona bonde la Nyando likiwa limetandazwa chini yake, mashamba ya miwa yakienea hadi macho yanapochoka. Katika bonde hilo ndimo ilimopita reli iliyotoka Mombasa na kufika Kisumu mwezi Desemba 1901.

Reli hiyo ilileta mengi katika nchi ya Wakipsigis na majirani wao. Ilileta maafisa wa serikali ya kikoloni, walowezi, kodi na hatimaye majani chai. Iliwaleta pia watu wa aina nyingine ambao leo hawatajwi sana, nao ni wawindaji wa pembe za ndovu.

Miongoni mwa hao, ni wachache waliopata kujulikana duniani kama Walter Dalrymple Maitland Bell. Wenzake walimbandika jina la Karamojo, kutokana na nyika za Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, alikojipatia sifa na utajiri.

Bell aliua ndovu 1,011. Yeye mwenyewe aliweka hesabu, naye aliandika kwamba 983 kati yao walikuwa madume na 28 majike. Hata hivyo, kilichowaduwaza watu wa zama zake si idadi pekee. Ni silaha aliyotumia.

Enzi hizo, mwindaji aliyejiheshimu alibeba bunduki nzito ya mitutu miwili iliyorusha kipande cha risasi cha gramu 49, au hata 58, na ambayo teke lake liliweza kumwangusha mtu asiyeizoea. Bell aliingia mwituni na bunduki nyembamba ya mtindo wa kijeshi iliyorusha kipande cha gramu 11. Wengi waliiona kuwa silaha ya kuwapigia swara na nguruwe mwitu, basi.

Kwa sikio la Mkipsigis, jina la mtu huyu lina kejeli yake. Ndovu katika lugha za Wakalenjin huitwa beliot, na miongoni mwa Wanandi uko ukoo wa Kipkoiitim unaotambuliwa kwa mnyama huyo. Bell na beliot ni sadfa tu ya matamshi, lakini ni sadfa ngumu kuisahau mtu akishaisikia.

Yatima mkaidi

Bell alizaliwa Septemba 8, 1880, katika familia tajiri iliyoishi Clifton Hall, karibu na mji wa Broxburn nchini Scotland. Walikuwa watoto kumi naye alikuwa karibu kitinda mimba. Mama yake alifariki akiwa na umri wa miaka miwili, na baba akamfuata mtoto akiwa na miaka sita. Malezi yakabaki mikononi mwa kaka zake wakubwa, ambao hawakumweza.

Shule alizitoroka, moja baada ya nyingine. Katika mojawapo alimpiga nahodha wa timu ya kriketi kwa gongo la mchezo wenyewe. Alipofika miaka 13, jamaa zake waliona afadhali wamwachie bahari imfunze adabu, akaajiriwa kama mwanagenzi wa ubaharia.

Bahari nayo haikumtuliza. Tangu utotoni alikuwa amesoma habari za wawindaji wa Afrika, na shauku hiyo haikumtoka. Mnamo 1896, akiwa kijana wa miaka 16 hivi, alitua Mombasa wakati ule ule ambapo ujenzi wa reli ya Uganda ulikuwa umeanza. Alipata kazi ya kuwapiga simba waliowasumbua wajenzi na misafara.

Alikuja na bunduki ya .303 iliyotengenezwa na Fraser wa Edinburgh, iliyopakiwa risasi moja kwa wakati. Ilikuwa silaha nzuri kwa baridi ya Scotland. Katika jua la nyika ilimtia mashakani, kwa kuwa ganda la risasi iliyokwisha kufyatuliwa lilinasa ndani ya mtutu kwa joto, na mwenye bunduki akabaki na kipande cha chuma mkononi huku simba yuko mbele yake.

Hilo ndilo somo la kwanza alilopata kuhusu vifaa, na nadhani ndilo lililomtengeneza. Kuanzia hapo hakuiuliza bunduki ina nguvu kiasi gani kabla ya kuiuliza kama itafyatuka, na kama ganda litatoka.

Safari hiyo ya kwanza haikudumu. Alirudi kwao, kisha akavuka hadi Yukon nchini Kanada, ambako maelfu ya watu walikuwa wakikimbilia dhahabu. Dhahabu hakuipata, ila alipata kazi ya kuwinda nyama ya kuwalisha wachimbaji wa Dawson City. Mwenzake aliyekuwa akipeleka nyama sokoni alitoweka na fedha zote, na Bell akalazimika kuiuza bunduki yake ili apate nauli.

Vita vya Makaburu vilipozuka mwaka wa 1899, alijiandikisha katika kikosi cha wapanda farasi kutoka Kanada ili apate njia ya kuirudia Afrika. Farasi wake aliuawa, naye akatekwa lakini akatoroka. Vita vilipoisha 1902, alielekea Afrika Mashariki, na safari hii alikusudia kubaki.

Kutoka Mumias hadi Karamoja

Kituo chake cha kuanzia safari kilikuwa Mumias, makao ya Nabongo Mumia, ambako misafara ya biashara ilipumzika kwa miongo kadhaa kabla ya Waingereza kufika. Hapo ndipo wapagazi walipoajiriwa, nafaka zikanunuliwa, na punda wakatafutwa. Kutoka Mumias njia iliambaa na Mlima Elgon kisha ikaingia nyika kavu za Karamoja.

Nyika hizo hazikuwa tupu. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa na kambi kubwa mahali palipoitwa Manimani, wakinunua pembe na mara nyingine kuwavamia wenyeji kwa mitutu ya kizamani. Wakaramojong, wafugaji hodari wa mikuki, hawakuwa na hamu kubwa ya biashara ya pembe. Walitaka nyama na ng'ombe. Serikali ya kikoloni ilikuwa haijafika huko, na kwa hiyo masharti ya leseni yaliyombana mwindaji kwingineko hayakuwa na mtu wa kuyasimamia.

Bell aliielewa hali hiyo upesi. Nyama yote aliwaachia wenyeji, pembe akachukua yeye. Isitoshe, alitangaza kwamba atakayemletea habari za kweli za kundi la madume makubwa atapewa mtamba. Kwa mfugaji, mtamba ni mali izaayo. Habari zikaanza kumiminika kambini kutoka kila pembe.

Wenyeji walimwita Longelly-nymung, yaani Mtu Mwekundu, kwa jinsi yeye mwenyewe alivyoliandika jina hilo. Rafiki yake mkubwa katika safari hizo alikuwa mtambuzi wa nyayo aitwaye Pyjale, wa watu wa Bukora. Bell alimsifu Pyjale katika vitabu vyake kuliko alivyomsifu Mzungu yeyote aliyewinda naye. Wapagazi waliobeba pembe hizo mabegani hadi Mumias, jino moja likiwa mzigo kamili wa mwanamume, hawakupata bahati ya kuandikwa majina. Ndovu walihesabiwa mmoja mmoja.

Fuvu lililopasuliwa

Hapo mwanzo Bell aliwinda kwa bunduki za kijeshi za .303 aina ya Lee-Enfield zenye hazina ya risasi kumi. Aligundua jambo ambalo wengine hawakujali kulichunguza. Ndovu aliyepigwa mwilini, hata kwa bunduki kubwa, mara nyingi alikimbia maili kadhaa kabla ya kuanguka, akiwatimua wenzake njiani. Aliyepigwa kwenye ubongo alianguka papo hapo kama gunia, na wenzake wakabaki wamesimama wasijue kilichotokea.

Swali likawa ubongo uko wapi. Kichwa cha ndovu ni kikubwa kama kabati, lakini sehemu kubwa ni mfupa wenye vishimo vingi mithili ya sega la nyuki. Ubongo wenyewe, wenye uzito wa kilo nne hadi tano hivi, umejificha nyuma kabisa, na mahali unapoonekana kuwa hubadilika kila mnyama anapoinua au kushusha kichwa.

Bell alifanya kama daktari mwanafunzi. Aliamuru fuvu lipasuliwe kwa msumeno, akakaa nalo, akachora. Alilitazama kutoka mbele, ubavuni na nyuma, akijifunza mstari ambao risasi ingefuata kutoka kila upande. Michoro hiyo ilichapishwa baadaye katika kitabu chake cha kwanza. Kutokana na uchunguzi huo alibuni hata shabaha ya kumpiga ndovu anayeondoka, kutoka nyuma kwa mshazari kupitia misuli ya shingo, ambayo wawindaji wanaendelea kuiita kwa jina lake.

Akishajua mahali pa kulenga, hakuhitaji tena mzinga. Alihitaji risasi ndefu, nyembamba, yenye ncha butu na koti gumu la chuma, itakayopenya mfupa bila kupinda wala kupasuka na kwenda pale pale ilikotumwa. Bunduki ya namna hiyo ilikuwapo tayari. Ilikuwa ya mfumo wa Mauser wa Ujerumani, yenye mtutu wa milimita saba, ambayo kampuni ya Rigby ya London iliiuza kwa jina la .275. Takriban ndovu 800 kati ya wale 1,011 waliuawa kwa bunduki za aina hiyo.

Faida zake zilikuwa nyingine pia. Ilikuwa nyepesi, hivyo Bell aliibeba mwenyewe mchana kutwa badala ya kumpa mchukuzi kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa. Teke lake lilikuwa dogo, na mpigaji hakupata mazoea ya kufumba macho kabla ya kufyatua. Mlio wake ulikuwa mkali lakini mfupi, usiolitawanya kundi kama ngurumo ya bunduki kubwa. Njiani, akitembea, alikuwa na tabia ya kuinua bunduki tupu na kukilenga kila kitu kilichokuwa mbele yake, akifyatua bila risasi, hadi silaha ikawa kama kiungo cha mwili wake.

Taabu ya risasi

Msomaji ambaye hajawahi kushika bunduki huenda akadhani risasi ni kitu kimoja. Ni vitu vinne vilivyokutanishwa. Kuna ganda la shaba. Kitakoni mwake kuna fataki inayogongwa na msumari wa bunduki. Ndani kuna baruti. Na mdomoni kimeshindiliwa kipande kinachoruka, ambacho ndicho risasi hasa. Kimoja kikiwa na dosari, vingine vitatu havina kazi. Fataki iliyoingiwa na unyevu huchelewa kuwaka au hukataa kabisa. Ganda hafifu hupasuka. Baruti ikizidi au kupungua hata kidogo, shabaha hupanda au hushuka.

Ndiyo sababu, katika nchi za Magharibi, wapenda shabaha wengi hawanunui risasi zilizokamilika. Huokota maganda yao matupu, wakayasafisha, wakatia fataki mpya, wakaipima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, kisha wakashindilia kichwa wakipendacho, ili kila risasi ifanane na dada yake. Wanaofanya hivyo kwa bidii zaidi ni wale wenye bunduki za mtutu mwembamba wa kuwapigia wanyama waharibifu wa mashamba kutoka mbali, ambapo shabaha yenyewe haizidi ukubwa wa ngumi.

Bell katika nyika ya Karamoja hakuwa na meza wala mizani. Alichoweza ni kuchagua kiwanda, kujaribu shehena, na kukataa. Katika hilo hakuwa na huruma.

Kuna wakati alivutiwa na bunduki ya Kiaustria aina ya Mannlicher-Schönauer, yenye mtutu wa milimita 6.5 tu, nyepesi kuliko zote na tamu mkononi. Ndovu walianguka. Lakini risasi alizouziwa hazikuaminika: maganda yalipasuka, na nyingine zilichelewa kulipuka. Mbele ya ndovu dume aliye hatua ishirini, kuchelewa kwa kufumba na kufumbua kunatosha kumfanya mnyama ageuze kichwa na mstari wote wa shabaha upotee. Bell aliiweka kando bunduki aliyoipenda na kuirudia ile ya milimita saba, ambayo risasi zake za kiwanda cha DWM cha Ujerumani hazikumwangusha.

Bunduki ya .318 ya Westley Richards ilimpata na mkasa kama huo. Aliisifu kwa nguvu na shabaha, ila risasi alizopata hazikumridhisha. Badala ya kuzitupa, alizitumia kwa mazoezi. Mwenzake mmoja alimshuhudia akiwaangusha ndege aina ya mnandi (ndege, si kabila) wakiwa wanaruka juu ya Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kwa bunduki ya risasi moja moja ambayo wengine wasingethubutu kuitumia kwa kiumbe kilicho hewani. Hizo ndizo risasi alizokuwa anazimaliza kwa sababu hazikumfaa.

Mtu aliyepiga shabaha namna hiyo, je, kweli ni bunduki ndogo iliyomfanikisha? Swali hili limewagawa wapenzi wa silaha kwa karne nzima. Wapo waliomwiga Bell bila kupasua fuvu hata moja, wakaenda mbele ya nyati na ndovu na bunduki nyembamba, na wanyama wakaondoka na majeraha. Baadaye sheria za uwindaji katika nchi kadhaa za Afrika ziliweka kiwango cha chini cha mtutu kwa wanyama hatari, .375 kikiwa ndicho cha kawaida. Kwa maoni yangu, sheria hizo zilikuwa na haki. Ziliandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida.

Utajiri wa damu

Hesabu za fedha zinaeleza kwa nini kijana wa ukoo tajiri aliishi miaka 16 katika jua na homa. Safari moja ilimpatia pembe za ndovu 210, zilizouzwa kwa zaidi ya pauni 23,000, fedha ambazo wakati huo zingemtosha mtu kununua shamba kubwa Uingereza na bado akabaki na akiba. Siku moja pekee aliua ndovu tisa, akakadiria pembe zao kuwa na thamani ya pauni 863.

Kazi yenyewe ilikuwa ya miguu. Bell alipiga hesabu kwamba kwa kila dume aliloua alitembea wastani wa maili 73, karibu kilomita 117, na kwamba alimaliza jozi 24 za viatu kwa mwaka.

Karamoja ilipoanza kuchoka, alisonga mbele. Alifika Ethiopia na kusini mwa Sudan. Aliwinda katika eneo la Lado kando ya Nile, lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji na ambalo, baada ya mfalme huyo kufariki Desemba 1909, lilirejeshwa kwa Sudan mwaka uliofuata. Katika kipindi hicho cha utawala uliolegea, wawindaji wa kila taifa waliingia na kuchinja walivyoweza. Serikali ya Uganda nayo iliifunga Karamoja kwa wafanyabiashara wa pembe mwaka wa 1911, baada ya biashara hiyo kuijaza nchi bunduki.

Bell alielekea Afrika Magharibi, hadi Liberia na Ivory Coast. Huko alitenda jambo lililozidi hata yale ya Karamoja. Aliliua kundi la nyati 23 kwa bunduki ya Kimarekani ya .22 Savage High Power, ambayo kichwa cha risasi yake hakikufika gramu sita. Aliyetaka kujua mpaka wa bunduki ndogo uko wapi, alikuwa ameufikia. Mtu wa leo anaisoma habari hiyo akijiuliza pia nyati 23 walikuwa wamekosa nini.

Rubani na mzee wa Garve

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka wa 1914, Bell alikuwa ndani ya misitu ya Kongo ya Ufaransa. Alirudi Uingereza, akajifunza urubani na kuingia jeshi la anga. Alirushwa hadi vita vya Tanganyika, ambayo wakati huo ilikuwa koloni ya Wajerumani, na inasemekana alipenda kuruka bila mwenzake wa kiti cha pili ili apate nafasi ya kutumia bunduki yake mwenyewe kutoka angani. Baadaye alihudumu Ugiriki na Balkan, na alitunukiwa nishani ya Military Cross.

Baada ya vita alimwoa Katie Soares, binti wa mwanasiasa Sir Ernest Soares, na wakafanya makao Corriemoillie, karibu na Garve, katika milima ya kaskazini mwa Scotland. Katika miaka ya 1920 alirudi Afrika kwa safari za mwisho. Moja aliifanya kwa mtumbwi katika mto Bahr Aouk, nyingine kwa magari pamoja na Wamarekani wawili, kutoka upande wa Nigeria hadi Sudan. Mwindaji wa miguu alikuwa ameingia zama za injini, na kwa jinsi alivyosimulia safari hiyo, haikumkolea kama zile za Pyjale.

Alichora picha, akaandika, na katika miaka ya 1930 akajenga mashua ya chuma ya mashindano iliyoitwa Trenchemer. Kitabu chake cha kwanza kuhusu uwindaji wa ndovu kilitoka 1923, na cha pili, kuhusu Karamoja, kilitoka 1949. Cha tatu kilikusanywa na kuchapishwa mwaka wa 1960 akiwa kaburini.

Uzeeni hakuwinda tena wanyama wakubwa. Aliwapiga kulungu wekundu wa milima ya kwao, na bunduki aliyoisifu sana wakati huo ilikuwa ya .220 Swift, aina iliyoletwa sokoni na kampuni ya Winchester ya Marekani mwaka wa 1935. Hiyo ilitengenezwa hasa kwa wanyama wadogo waharibifu. Kichwa cha risasi yake kilikuwa na gramu tatu tu, lakini kiliruka zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna risasi ya kiwandani iliyokuwa imeifikia. Bell, aliyekuwa anakaribia miaka 70, aliandika kuihusu kwa furaha ya kijana aliyepata bunduki yake ya kwanza. Kulungu, alieleza, walianguka kama waliopigwa na radi.

Alifariki Juni 30, 1954, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 73.

Yaliyobaki

Ni rahisi kumhukumu Bell kwa kipimo cha leo, na ni rahisi pia kumsamehe kwa kipimo cha jana. Alivunja sheria chache, kwa sababu alichagua mahali ambapo sheria zilikuwa bado hazijafika. Aliwapiga madume karibu pekee, akaua haraka bila kuwatesa, na wenyeji wakala nyama. Yote hayo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba madume yenye pembe nzito ndiyo aliyoyaondoa, na hayo ndiyo yangezaa ndovu wenye pembe kama zao. Kuua kwa ufundi hakukupunguza kuua. Kuliongeza, kwa kuwa aliyetumia risasi moja kwa kila ndovu aliweza kumaliza kundi kabla halijatambua.

Bell hakuwa peke yake, wala si yeye aliyewafikisha ndovu wa Kenya walikofika. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977 na biashara ya bidhaa za wanyamapori mwaka uliofuata, lakini majangili wenye bunduki za rashasha hawakuhitaji kujua ubongo uko wapi. Ndovu waliokadiriwa kuwa zaidi ya 160,000 mapema katika miaka ya 1970 walibaki takriban 20,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1980. Mnamo Julai 1989, Rais Daniel arap Moi aliziwasha moto tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mwaka huo huo biashara ya kimataifa ikapigwa marufuku. Sensa ya mwaka wa 2021 ilihesabu ndovu 36,280 nchini.

Baadhi yao wamo katika Msitu wa Mau, juu ya mashamba ya chai, na wakazi wa kaunti za Kericho na Bomet wanaopakana na msitu huo huwajua zaidi kwa mahindi yaliyokanyagwa. Kule Karamoja, anayetaka kuwaona wajukuu wa madume ya Bell hulazimika kwenda hadi mbuga ya Kidepo, iliyotangazwa mwaka wa 1962.

Bunduki zake zilitawanyika. Mojawapo ya zile .275 iliuzwa London baada ya kifo chake, na aliyeinunua alikuwa Robert Ruark, mwandishi wa Marekani ambaye riwaya zake kuhusu Kenya ya enzi ya Mau Mau zilisomwa sana. Ruark aliinunua kama zawadi kwa mtoto wa kiume wa rafiki yake Harry Selby, mwindaji mashuhuri aliyekulia Kenya, na bunduki hiyo ikairudia Afrika ikiwa mikononi mwa mvulana.